Ibuki Aseme Kabla ya Mwisho wa Machi

Mogami Teizo,
Kinyozi Mogami,
Mtaa wa Stesheni, Tsurusawa.
Tarehe 24 Februari

Kwa Mhariri Mkuu,
Jarida la Katuni *Mshale wa Jumatatu*,
Tokyo.

Mheshimiwa Mhariri,

YAH: KIJANA IBUKI KUTOFUNGUA KINYWA KWA MIAKA KUMI NA MMOJA

Katika majira haya ambapo maua ya plamu yanachanua na harufu yake tamu inaingia madirishani mwetu, naamini wewe na wenzako wote ofisini mko katika afya njema. Sisi huku hatujambo.

Mimi ni kinyozi, umri wangu miaka hamsini na minne, sijaoa, sina nywele. Hilo la nywele nalitaja mapema kwa sababu wateja wangu nao hulitaja mapema. Sijawahi kumwandikia barua mtu yeyote wa Tokyo, isipokuwa watu fulani walioniuzia dawa ya kuotesha nywele, nao hawakujibu. Kwa hiyo kabla ya kuituma barua hii nitampa mtu anayejua adabu za barua aipitie, maana mama yangu ameshanionya: "We Teizo, barua yenye makosa ikifika Tokyo, aibu si yako peke yako, ni ya mtaa mzima."

Malalamiko yangu yanahusu hadithi iitwayo *Nitamwambia Kesho*, inayochorwa na Mwalimu Kurokabe Tsugumi. Hadithi naipenda, hilo lieleweke kabla hatujaanza kugombana. Kijana Ibuki anampenda jirani yake Wakaba, Wakaba anampenda Ibuki, na nchi nzima inajua isipokuwa wao wawili. Tunacheka, machozi yanatulengalenga, tunafunua ukurasa. Siwezi kusema Mwalimu hajui kazi yake. Nasema anaijua kupita kiasi, na sisi wengine tunaumia. Nimeyapanga malalamiko kwa namba ili usipate taabu.

1. Kuhusu muda.

Hadithi ilipoanza, Ibuki na Wakaba walikuwa kidato cha tano. Leo, sura ya mia tano na tisa, wako kidato cha tano. Katika mwaka huo mmoja wa masomo wamesherehekea Siku ya Wapendanao mara kumi, na kila mara Wakaba anatengeneza chokoleti ya kumpa Ibuki, na kila mara chokoleti inaliwa na mtu mwingine au na mbwa. Binti wa Mzee Gonda, muuza tofu wa hapa mtaani, alikuwa darasa la kwanza sura ya kwanza ilipotoka. Mwakani anaingia chuo cha uuguzi, na anamwona Wakaba kama mdogo wake.

Mimi nilianza kusoma nikiwa na nywele. Chache, lakini zilikuwapo.

Juzi Mzee Gonda alikuwa kwenye kiti changu, povu usoni, akaniuliza, "Hivi kinyozi, wewe na yule kijana wa katuni, nani atazeeka kwanza?"

Nikamwambia, "Yule hazeeki, mzee."

"Basi umeshashindwa," akasema, akafumba macho, akajifanya amelala.

Nilikuwa na wembe mkononi, Mheshimiwa. Naomba uvumilivu wangu uzingatiwe.

2. Kuhusu mtu fulani.

Kwa heshima yake sitamtaja jina. Itoshe kusema ana duka la vitabu, mlango wa tatu kutoka kwangu, na kwamba mumewe alifariki muda mrefu uliopita. Mtaa wa Stesheni una duka la vitabu moja tu, lakini wewe uko Tokyo na huwezi kujua. Nitamwita Bi. N.

Huku kwetu vinyozi wote tunafunga Jumatatu, na jarida lenu linatoka Jumatatu. Sikupanga hivyo mimi. Ilitokea tu kwamba siku pekee nisiyokuwa na kazi ndiyo siku ambayo Bi. N. anafungua furushi la majarida asubuhi. Nilikwenda kununua langu. Akaniambia nikae kidogo karibu na jiko la mafuta ya taa, maana nje palikuwa na baridi. Nikakaa. Nimekaa miaka kumi na mmoja.

Tunasoma nakala moja, tumeiweka juu ya boksi kati ya vigoda viwili. Mimi nakaa kulia, yeye kushoto, na kwa vile kurasa zetu zinaanzia kulia, mimi ndiye ninayemaliza kwanza na kumngoja. Bi. N. anasoma polepole mno. Ukurasa wenye maneno manne na picha ya mvua unamchukua muda wa birika kuchemka. Mtu aliyekwisha kusoma kila kitabu cha dukani kwake, sijui ni kwa nini katuni inamchelewesha hivyo. Simuulizi. Naongeza maji kwenye birika.

Sasa naomba usome aya hii kwa makini kwa sababu inaihusu ofisi yako. Katika sura ya sitini na moja, pembeni mwa ukurasa wa mwisho, mahali mnapoweka yale maneno yenu ya kutusisimua, mliandika kwa herufi nene: WIKI IJAYO, HATIMAYE, IBUKI ANASEMA! Bi. N. alifunga jarida akasema, "Haya, tuone. Mwanaume akishachelewa kiasi hiki ni bora aseme tu, hata akisema vibaya."

Nami pale pale, kimya kimya, nikajiwekea nadhiri: siku Ibuki atakaposema, mimi nitasema.

Wiki iliyofuata Ibuki alishikwa na mafua.

Mama anasema mtu mzima kujifunga kwa mtoto wa kuchorwa ni wehu. Nimemweleza kwamba sikujifunga kwa mtoto, nilijifunga kwa Mhariri Mkuu, aliyeahidi kwa maandishi, na maandishi ya Tokyo si kitu cha kupuuza. Ninayo nakala. Nimeipigia mstari.

3. Kuhusu kelele.

Kila Ibuki anapofungua kinywa, kitu kinapiga kelele. Nimeweka kumbukumbu nyuma ya daftari la miadi ya wateja. Fataki, mara tisa. Treni, mara kumi na nne, na shule yao haiko karibu na reli, nimeangalia ramani mliyochora kwenye kitabu cha sita cha sura zilizokusanywa. Nyenje kwenye miti, mara tano. Kipaza sauti cha shule kikimwita mwenye baiskeli ya bluu, mara moja. Katika sura ya mia tatu sabini na moja ilipita helikopta. Helikopta, Mheshimiwa! Juu ya bembea za watoto!

Ungekuwa mchezo wa kwenye karatasi tu ningenyamaza. Lakini ukisoma kitu kila wiki kinakuingia mwilini. Oktoba mwaka juzi nilijaribu kuvunja nadhiri yangu na kumtangulia Ibuki. Nilisimama mbele ya kaunta, nikavuta pumzi, nikasema, "Bi. N., kwa kweli mimi kwa muda mrefu…"

Ikatimia saa kumi na moja kamili. Vipaza sauti vya mji, vile vya juu ya nguzo, vikaanza ule wimbo wa kila jioni wa kuwaambia watoto warudi nyumbani. Kwenu Tokyo labda unapigwa kidogo. Kwetu unapigwa beti zote. Nilisimama pale kinywa wazi mpaka ukaisha.

"Ulikuwa unasema?" akauliza.

"Penseli," nikasema. "Nipe penseli moja."

Tangu siku ile, kila ninaposhindwa nanunua penseli. Sasa ninazo arobaini na moja. Mimi ni kinyozi, Mheshimiwa. Miadi naandika kwa kalamu.

4. Kuhusu kura, na hapa nakiri kosa.

Ndani ya kila jarida mnaweka kadi ya maoni ili msomaji aandike hadithi tatu alizozipenda kuliko zote. Kwa miaka yote hiyo mimi nimeandika *Nitamwambia Kesho* namba moja, kila wiki, bila kukosa, hata wiki niliyolazwa kwa ajili ya kidole tumbo. Nilidhani namtia moyo Mwalimu amalizie.

Desemba akaingia dukani kwangu msafiri mmoja, theluji imesimamisha treni yake, akaamua kunyoa ndevu akingoja. Kumbe ni mtu wa kiwanda cha uchapaji. Nilipomweleza shida yangu alicheka hadi ikabidi niondoe wembe. "Kaka," akasema, "hadithi ikipata kura haiachiwi kwisha! Yule kijana akisema tu, hadithi imekufa. Nyinyi mnaompigia kura ndio mmemziba mdomo."

Kwa hiyo mkosaji wa kwanza ni mimi. Nimemziba mdomo Ibuki kwa mkono wangu, kila wiki, na stempu nimelamba mwenyewe.

Januari nikageuka. Wiki mbili mfululizo nilipigia kura ile hadithi ya mizimu wanaocheza mpira wa wavu, ambayo siielewi mwanzo wala mwisho. Basi mwishoni mwa jarida, pale kila mchoraji anapoandika sentensi mbili tatu za salamu, Mwalimu Kurokabe akaandika: "Tumeshuka kura. Mgongo unauma. Leo nimekula uji mtupu." Nilijisikia kama nimempiga mzazi. Kesho yake nilimtumia plasta za mgongo, boksi zima, na kadi yangu ikarudi namba moja. Alinijibu kwa kadi yenye picha ya Ibuki, chini yake ameandika: "Anasema asante. Yaani, alitaka kusema."

Unaona hali ilivyo. Kwa kura siwezi kushinda. Nikimpenda Mwalimu, Ibuki hasemi. Nikimtesa Mwalimu, mimi sili. Ndiyo maana nimekuja kwako moja kwa moja.

5. Kuhusu tarehe.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Bi. N. anafunga duka mwisho wa Machi na anahama. Binti yake wa Sendai amemwomba akaishi naye, kuna mjukuu, kuna lifti, hakuna theluji ya kuparua juu ya paa. Aliniambia Jumatatu iliyopita, jarida likiwa limefunguliwa kati yetu, kwa sauti ile ile ya kuniambia karatasi zimepanda bei. Nikasema, "Sendai ni kuzuri." Halafu nikanunua penseli mbili.

Jumatatu zilizobaki ni tano. Najua kurasa zenu huchorwa mapema, lakini najua pia mnaweza kung'oa sura na kuweka nyingine, maana mlifanya hivyo Mwalimu alipovunjika kidole gumba. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote:

(a) Ibuki aseme kabla ya tarehe 31 Machi. Akisema tarehe 24 ingefaa zaidi, maana nami nahitaji siku chache za kujikanyaga.

(b) Aseme mchana, ndani ya chumba, madirisha yamefungwa. Nyenje wasiwepo. Helikopta zote zishuke.

(c) Wakaba asiulize, "Ulikuwa unasema?" Swali hilo lipigwe marufuku katika jarida zima, hata kwa mizimu.

(d) Kama mgongo wa Mwalimu haumruhusu, mimi niko tayari kuja Tokyo kwa treni ya usiku na kumkanda mabega, kama tunavyowafanyia wateja baada ya kunyoa. Wateja wangu husema mikono yangu ni mizuri kuliko mazungumzo yangu. Nitasimama nyuma ya kiti chake mpaka amalize ukurasa. Ikibidi nitashika na kalamu mimi.

(e) Kama shida ni maneno, yaani kama Mwalimu amemfikisha kijana mlangoni na hana la kumtia mdomoni, nimejaribu kumsaidia. Naambatanisha mifano mitatu:

Wa kwanza: "Wakaba, tangu nilipokuona moyo wangu unadunda kama ngoma kubwa ya tamasha la kiangazi, na kila pigo linataja jina lako." Huu umenichukua siku nne.

Wa pili: "Wakaba, sivuti sigara, naamka mapema, na meno yote haya ni yangu." Labda haumfai kijana wa miaka kumi na saba. Mnaweza kuurekebisha.

Wa tatu: "Ukiondoka, Jumatatu nitakwenda wapi?" Huu ni mfupi mno na hauna pambo lolote. Nimeuweka kujaza nafasi.

Mheshimiwa, sijaomba makubwa. Mtoto mmoja wa karatasi aseme sentensi moja. Asiposema, mnamo Aprili kutakuwa na duka lililofungwa mlango wa tatu kutoka kwangu, na kinyozi mmoja mwenye penseli nyingi. Ofisi yako italaumiwa, nami nitailaumu kwa adabu, kila Jumatatu, kwa maandishi, kwa vile kalamu za risasi sitakuwa na uhaba nazo.

Naomba nisimame hapa kabla sijakosa heshima. Nisalimie Mwalimu Kurokabe, aangalie mgongo, asikae sakafuni. Nisalimie wasaidizi wake, hasa yule anayechora mvua, na yule anayechora nyenje mmwambie simchukii yeye binafsi. Nisalimie wachapaji, madereva wanaoleta furushi kwenye theluji, na yule mwenzenu anayeandika maneno ya pembeni mwa ukurasa, ingawa huyo ningependa kumnyoa siku moja. Mama anawasalimu. Mzee Gonda anasema na yeye asalimiwe, ingawa hajui barua inahusu nini.

Wako mtiifu aliyechelewa,
Mogami Teizo, kinyozi

NYONGEZA. Najua barua ya heshima haiwi na nyongeza, lakini nimeruhusiwa.

Yule mtu anayejua adabu za barua ni Bi. Nishikata Fumie, mwenye duka la vitabu. Mtaani hapa ni yeye tu anayezijua. Nilimpelekea Jumanne, nikiamini kabisa kwamba herufi N. inatosha kumficha. Mama anasema duniani hakuna mjinga wa kiwango hicho, lazima nilikusudia. Napenda kuithibitishia ofisi yako kwamba yupo.

Barua ilirudishwa leo alasiri, imetiwa kwenye kisanduku changu cha barua bila hodi, na wino mwekundu kama unavyouona mwenyewe. Kwenye maua ya plamu ameandika: "Maua gani? Theluji imefika dirishani. Usinakili vitabu." Pale nilipolalamika kwamba anasoma polepole: "Hadithi yenyewe niliacha kuijali tangu Ibuki alipopata mafua." Kwenye penseli: "Ni arobaini na tatu, ukiweka na zile mbili. Na sijawahi kukuona ukiandika hata herufi moja." Pale niliposema anahama hakufuta neno hata moja. Ameandika pembeni, kwa herufi ndogo: "Sendai niliombwa niende. Huku hakuna aliyeniomba nibaki."

Na kwenye mifano ya maneno, ule wa kwanza ameutia alama ya kosa. Wa pili, alama ya kosa. Wa tatu ameuzungushia duara jekundu, lile lenye petali kama ua, ambalo walimu wetu huwawekea watoto waliopata yote.

Nilitoka mbio na koti la kazi, nimemwacha Mzee Gonda kitini na povu upande mmoja wa uso. "We kinyozi! Wee! Na shavu langu?" Sikugeuka. Bi. Nishikata alikuwa nyuma ya kaunta akifunga kamba maboksi, au akizifungua, sikuweza kutambua. Nikavuta pumzi. Na hapo, Mheshimiwa, ikatimia saa kumi na moja, na wimbo ukaanza.

Safari hii tulingoja wote wawili. Beti zote. Yeye aliweka mkasi chini. Mimi theluji ya njiani ilikuwa ikiyeyuka na kunitiririka kichwani, maana sina kitu cha kuizuia.

Ulipokwisha akauliza, "Ulikuwa unasema?"

Sikununua penseli.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, namba moja hadi tano, pamoja na herufi (a), (b), (c), (d) na (e), isipokuwa (d), kama Mwalimu bado anaumwa mabega. Tumekubaliana kwamba Sendai tutakwenda pamoja mwezi wa Aprili, kumtembelea mjukuu, na kurudi kabla ya Jumatatu. Bi. Nishikata anauliza, kijana akisema na hadithi ikaisha, sisi tutakaa karibu na jiko kufanya nini? Nawasihi basi, msimharakishe. Mleteeni treni. Mleteeni fataki na nyenje wa nchi nzima. Tumeshakaa, birika liko jikoni, na hata helikopta naziruhusu.

Mzee Gonda nilimkuta amejinyoa mwenyewe upande wa pili. Vibaya sana. Naye sasa anatafuta mahali pa kulalamika, nikampa anwani yenu.